Kadi Yangu Ilikataliwa na Mlango Niliouunda Mwenyewe

Nyekundu!

Nikarudisha kadi tena kwa mlango. Pii, pii, pii... nyekundu!

Jamani, hebu nisaidieni kuelewa. Huo mlango ni wa karakana yangu. Hicho kisoma kadi nilikiunda mimi, Kasiva, kwa hii mikono yangu miwili. Nyaya nililehemu mimi. Seting'i nikaweka mimi. Na sasa kinanifukuza kama mwizi!

Ilikuwa mchana kweupe, Kitui mjini. Begi lilikuwa begani na vumbi la Kikima, kwetu nilikozaliwa, lilikuwa bado kwa viatu. Nilikuwa natoka kumuuguza Mwaitu, mama yangu mzazi, aliyeanguka shambani akavunjika nyonga.

Ndani nikasikia kicheko.

Cha mwanamke.

"Ndolo! Fungua!"

Kicheko kikakatika.

Ndolo ni mume wangu. Karakana tulianzisha pamoja. Mimi nilikuwa fundi, yeye alikuwa mdomo. Mimi natengeneza, yeye anatafuta wateja. Na usidharau mdomo wa Ndolo! Huyo mtu angeweza kumuuzia kuku kisu.

Mlango ukafunguka kidogo tu. Akasimama katikati na shati jipya.

"Kasiva. Mbona hukupiga simu?"

"Nipige simu nije kwangu? Kadi yangu ina nini?"

Hakuona hata haya!

"Nimeifuta."

"Umefuta nini?"

"Kadi yako. Wewe si wa hapa tena. Rudi kwa mama yako upumzike."

Mnajua kitu kiliniuma? Kufuta kadi kwa ule mlango ndicho kitu pekee cha kazi yangu nilichowahi kumfundisha.

Nyuma yake nikamwona. Msichana mrefu, mtandio wa samawati, amesimama kando ya meza yangu. Ameshika bisibisi yangu!

"Na huyu?"

"Huyu ni Salama. Ananisaidia na kazi."

"Kazi gani? Mwizi wa waume wewe!" Nikamrukia kwa maneno, nikamwaga matusi yote niliyoyajua na mengine nikayabuni palepale. "Huko kwenu wanaume wameisha?"

Yule msichana akaweka bisibisi mezani. Aliniangalia tu, macho yametoka. Halafu akamgeukia Ndolo.

"Lakini uliniambia yeye ni..."

"Salama, nyamaza!"

Mlango ukafungwa. Taa ile ndogo ikarudi nyekundu.

Nilipogeuka, watu wa maduka ya jirani walikuwa wamesimama wananitazama. Nilitarajia wanicheke. Hawakucheka. Walikuwa wananihurumia, na hapo ndipo nikaogopa.

Mke wa mchungaji wetu alikuwa duka la nguo, ng'ambo ya barabara. Akaja mbio, akanikumbatia.

"Pole, dada Kasiva. Tunakuombea kila ibada. Akili itarudi, Bwana ni mwaminifu."

"Akili gani itarudi?"

"Ndolo alitueleza. Kwamba ulianza kuongea na mashine. Kwamba ulipelekwa Kikima kwa maombi."

Niliketi chini, hapo hapo kwa lami. Ndiyo, lami ya moto!

Alikuwa ameniita wazimu. Kanisa zima, mtaa mzima, wateja wote. Na ujanja wake ulikuwa mtamu hivi: ukishaitwa wazimu, kila unachosema kujitetea kinakuwa ushahidi.

Nilirudi Kikima nikilia njia yote. Mwaitu alinisikiliza akiwa amelala, mguu umefungwa. Ni mtu wa kanisa kabisa, haruki ibada. Nikajua ataniambia nisamehe.

"Kasiva," akasema, "kisasi ni cha Bwana."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Lakini Bwana naye hutumia watu."

Haki ya Mungu nilicheka na machozi yakaendelea kutoka!

Sasa ngoja niwaeleze kitu kidogo cha kazi, maana bila hicho hamtaona utamu.

Ndani ya kisoma kadi kuna moduli. Ni kibao kidogo cha kijani, waya wa shaba umezungushwa juu yake kama konokono. Ukileta kadi karibu, moduli inaipatia nguvu kupitia hewa, bila kugusana. Kadi inaamka, inajitaja jina. Lakini moduli iliyosetiwa vizuri haiamini jina, maana jina linaigwa. Inauliza siri. Kadi ikijibu siri, ndiyo mlango unafunguka. Ama maji yanatoka.

Maji, ndiyo. Maana kazi yetu kubwa ilikuwa ni vioski vya maji vya Ikutha. Kisima cha sola kilikuwa kimechimbwa, na kamati ya akina mama ikataka mifereji ya kadi, kila boma na kadi yake, mtu asimalizie wengine maji. Moduli zote niliziunganisha mimi, mezani kwangu, mifereji yote.

Na kila moduli hutoka kiwandani na siri moja, ile ile, imechapishwa kwa kitabu cha maelezo. Dunia nzima inaijua! Kazi ya fundi ni kuibadilisha kabla hajafunga boksi.

Nilikuwa karibu kuzibadilisha siku ile simu ya Mwaitu iliingia. Nikabeba laptop na kifaa cha kuandikia kadi, nikakimbia. Nikidhani nitamalizia Kikima.

Unaona? Ndolo alifikiri kazi imeisha. Aliona boksi zimefungwa, taa zinawaka, akaenda kuzifunga Ikutha hivyo hivyo. Na siri ya kiwandani ndani!

Nikatoa laptop. Nikatoa kadi nyeupe tupu. Nikaandika kadi ya kusetia kwa siri hiyo ya kiwandani, ile ambayo ukiigusisha kwa kioski, moduli inakataa kadi zote za dunia mpaka irudishwe na kadi hiyo hiyo.

Uzinduzi wa vioski ulikuwa Jumamosi. Mabango yalikuwa yameenea mpaka kwa simu za watu. Picha ya Ndolo na kofia ya fundi, chini imeandikwa: *Enjinia Ndolo*.

Enjinia! Mtu hata plagi ya pasi nilikuwa namfungia mimi!

Jumamosi nilifika Ikutha mapema, laptop na vifaa vyangu begini. Nilijifunga leso kichwani mpaka karibu na macho. Hema zilikuwa zinasimamishwa, kwaya inajaribu sauti, punda wamefungwa kwa mstari na mitungi mitupu mgongoni. Akina mama walikuwa wamefika tangu alfajiri. Watu wamezoea kuchimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, leo wanaambiwa watagusisha kadi tu. Nani atalala?

Nikajifanya napitapita. Nikakaribia kioski. Nikagusisha kadi yangu nyeupe.

Taa ikapepesa. Kijani, nyekundu, ikazima.

Nikajua imeshika. Nikarudi nyuma ya hema. Moyoni nikasema: leo utanijua, baba.

Ndolo akaja na suti. Suti, Ikutha, kwa jua lile! Akasalimia wakubwa, akasalimia Mchungaji Mutisya wa kanisa la pale, akasalimia Mama Mwangangi, mwenyekiti wa kamati. Akashika maikrofoni.

"Wananchi wa Ikutha! Hii teknolojia nimeibuni mwenyewe, nikikesha, nikiwa na majonzi ya nyumbani mnayoyajua..."

Watu wakasema, "Woii..."

Mimi ndiye mwendawazimu, na yeye ndiye wa kuhurumiwa! Nilitafuna ile leso.

"Sasa, mama mwenyekiti, shuhudia muujiza."

Akagusisha kadi.

Pii, pii, pii. Kwa kioo kidogo ikaandika: KADI HAITAMBULIKI.

Akacheka. "Kadi imepata jasho kidogo." Akaipangusa kwa suti.

Pii, pii, pii.

Akajaribu kioski cha pili. Nacho kikakataa! Hapo nilistaajabu kidogo, maana mimi nilikuwa nimegusa kimoja tu. Lakini utamu ulinizidi, sikufikiria mbele.

"Ni netiweki," Ndolo akasema.

Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Maji nayo inatumia netiweki?"

Watu wakaangua kicheko! Jasho likaanza kushuka kwa kola ya Ndolo. Akachukua kadi ya Mama Mwangangi, ikakataliwa. Akachukua ya mchungaji, ikakataliwa. Akapiga boksi kofi.

Nikaona saa yangu imefika. Nikavua leso, nikapita katikati ya viti.

"Enjinia! Ifungue basi!"

Kila mtu akageuka. Ndolo aliponiona alibadilika rangi, lakini ule mdomo wake hauchelewi.

"Ndugu zangu, msiogope. Huyu ndiye mke wangu niliyewaambia. Ni mgonjwa. Mshikeni polepole, asijiumize."

"Mimi ndiye nilitengeneza hivi vioski!" nikapiga kelele. "Mimi ndiye nimefunga haya maji! Mwambieni aseme ukweli, nitayafungua!"

Wasomaji wangu... mnasikia venye nilisikika?

Akina mama wakaacha kucheka. "Kumbe ni wewe umetufungia maji?"

"Watoto wetu wamekukosea nini?"

Wanaume wawili wakanishika mikono. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akaanza kukemea pepo. Kwaya nayo ikachukua wimbo! Kadiri nilivyojitetea, ndivyo maombi yalivyopanda. Nilikuja kumwaibisha mtu, nikajikuta ndiye nimewekwa katikati ya uwanja kama kichekesho.

Mama Mwangangi ndiye alinyamazisha watu. Ni mama mfupi, sauti kama filimbi.

"Mwachilieni kwanza. Msichana wangu, unasema umefunga?"

"Ndiyo, mama."

"Basi fungua. Ukifungua, nitakusikiliza."

Nikashukuru Mungu. Nikatoa ile kadi yangu nyeupe, nikainyanyua juu kila mtu aione. Nikamwangalia Ndolo machoni. Nikagusisha.

Pii, pii, pii.

Nyekundu.

Nikarudia. Nyekundu!

Haiwezekani. Hiyo ni kadi yangu, siri ni ya kiwandani, hakuna...

"Mnaona?" Ndolo akasema kwa upole, kama mtu aliye matangani. "Ni ugonjwa. Mpelekeni kwa kivuli, mumpe maji."

"Maji gani?" yule mzee akauliza tena. Hata hakuna aliyecheka.

Wakaanza kunibeba. Na niseme ukweli, kwa dakika hiyo hata mimi nilijiuliza: labda kweli ni mgonjwa? Labda niliota ile karakana? Hivyo ndivyo uongo ukirudiwa sana unavyomla mtu.

"Mwacheni!"

Sauti ya mwanamke. Mtandio wa samawati ulikuwa unapita kati ya punda.

Salama.

Nikafunga macho. Amekuja kunimaliza!

Akamnyang'anya Ndolo maikrofoni kabla hajajua kilichompata.

"Huyu dada si mgonjwa. Mgonjwa wa uongo ni huyu mwenye suti."

"Salama, mpenzi..."

"Usiniite hivyo! Ulimwambia baba yangu kwamba mke wako amerukwa na akili, mmeachana, wazee wamemaliza. Ukaapa mbele yake. Kisha siku ile nikamwona kwa mlango. Amechoka, ana hasira, lakini anauliza maswali yenye akili kuliko majibu yako yote! Hapo nikaanza kuchunguza."

Punda tu ndio waliendelea kutikisa masikio.

Salama akanigeukia.

"Dada Kasiva, hiyo kadi yako haingefanya chochote. Nilisomea kompyuta. Nilisoma michoro yako yote pale mezani, nikaona moduli bado ziko na siri ya kiwandani. Jana huyu alinituma nije nizijaribu, yeye alikuwa kwa fundi wa suti. Nikabadilisha siri kwa kila kioski. Nilitaka aumbuke mbele ya watu wote, mahali hawezi kuongea akatoka."

Mdomo ukanibaki wazi.

Jamani! Wanawake wawili, hatujuani, hatupendani, tumepanga kisasi kimoja, kwa mtu mmoja, kwa kidude kimoja! Yeye alinitangulia tu siku moja.

"Kwa nini hukunitafuta?" nikauliza.

"Ulivyonitukana ile siku? Ungenisikiliza?"



Akanisogelea, akaninong'oneza ile siri mpya sikioni. Halafu akaongea kwa maikrofoni: "Mimi ningeweza kufungua sasa hivi. Lakini kazi si yangu. Mwacheni mwenyewe afungue."

Nikakaa chini kwa mchanga, nikatoa laptop. Nikafungua boksi, nikaunganisha waya kwa moduli. Mikono ikakumbuka kazi yake. Nikaiambia moduli isahau siri ya Salama, ishike yangu. Isome kadi za boma tu. Vali ya maji isifunguke mpaka kadi ijibu. Nikaziandika upya kadi za kamati, moja moja, nikaenda kioski baada ya kioski. Na hakuna aliyeimba, hakuna aliyekemea.

"Mama Mwangangi, jaribu."

Akagusisha.

Kijani!

Maji yakapiga ndani ya mtungi kwa kishindo. Vigelegele vilivyopanda hapo, nadhani mpaka Kikima Mwaitu alisikia. Punda mmoja alikata kamba akakimbilia mfereji kabla ya mheshimiwa yeyote!

Ndolo alikuwa anatafuta njia ya gari. Njia hakuna, akina mama wamejaa. Na hapo mama yake mzazi, maana Ikutha ni kwao, akatoka kwa umati na mtungi wake. Akapita mbele ya mwanawe kama anapita kisiki. Akaja kwangu.

"Mkaza mwanangu, nisaidie maji."

Nikamjazia mimi mwenyewe.

Ndolo alilia. Kweli, mdomo wote ule uliishia kulia! Mchungaji aliniomba msamaha mbele ya watu, halafu, mnajua wachungaji, akaniomba nami nimsamehe mume wangu papo hapo, tufunge siku kwa maombi.

"Mchungaji," nikasema, "nilisubiri mmalize kunitoa pepo. Na wewe nisubiri."

Wazee wa pande zote mbili waliketi, nikatoka kwa ile ndoa nikibaki na karakana yangu. Mlango niliusetia upya siku hiyo hiyo. Mimi na Salama hatukuwa marafiki mara moja, msidanganywe. Matusi niliyomtukana hayakuwa madogo, na yeye alikuwa na kiburi chake. Lakini nilipopata kazi ya vioski vya Malili, nilijua mtu mmoja tu ambaye angeweza kusoma michoro yangu bila kuuliza. Nikapiga simu. Alikuja na bisibisi yake mwenyewe!

Dada yangu unayesoma hapa, nikuambie kitu. Ukiambiwa kuna mwanamke anayekuharibia nyumba, kabla hujamrukia, muulize: wewe uliambiwa nini? Unaweza kupata mmeambiwa uongo na mdomo mmoja. Ningeuliza siku ile kwa mlango, nisingebebwa Ikutha kama gunia.

Lakini msifikirie nimekuwa malaika.

Ndolo alikosa wateja Kitui, akarudi kuishi kwao Ikutha. Na Ikutha maji ni ya kadi. Siku moja kamati ilinitumia majina mapya ya kuandikiwa kadi, na jina lake likiwemo.

Salama aliniangalia. "Utamnyima?"

"Maji? Hapana. Maji mtu hanyimwi."

Nikamwandikia kadi safi kabisa, inafanya kazi kuliko zote. Ila kwa kile kioo kidogo, wengine wakigusisha huandikiwa KARIBU. Kadi ya Ndolo nimeipatia maneno yake peke yake, makubwa, na hayatoki mpaka mtungi ujae:

MAJI HAYA NI KAZI YA ENJINIA KASIVA.

Mama Mwangangi ananiambia kwamba kila asubuhi Ndolo akipanga foleni, wanaomfuata nyuma wanasoma kwa sauti, pamoja, kama shairi la shule.

Najua wengine wenu mtaniandikia hapo chini nimsamehe. Nitamsamehe, wapendwa. Nitamsamehe kabisa.

Wacha kwanza ateke maji.